Tupeane uzoefu: Diwani, bajeti ya halmashauri uliletewa mbichi au imeshaiva?

Mwana wa Shangani: Wakuu, leo nimenunua maandazi yamefungwa kwenye kurasa za kabrasha la bajeti, nikakumbuka miaka yangu mitano ya udiwani. Kabrasha zito kama tofali unapewa jioni, asubuhi unanyoosha mkono. Ukihoji unaambiwa, "Mheshimiwa, ukomo wa bajeti umeshajaa, mfumo umefungwa." Mliokaa kwenye mabaraza ya Mtwara na Lindi, mlishirikishwa lini hasa?

Korosho Ghafi: Februari. Na juisi ya boksi juu.

Bi Viti Maalum: Mie nilikuwa Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, kwa hiyo naonja mchuzi kabla ya wenzangu. Lakini hata huko makisio ya ushuru wa korosho tuliyakuta yameshaandikwa. Ushuru ni asilimia 3, wataalamu wamebeba makisio ya msimu wa bei nzuri wakaongeza kidogo. Ukafika msimu wa 2018/2019, serikali ikanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ushuru tuliokuwa tunautegemea hatukuuona. Vikundi vya akina mama vinavyosubiri mgao wao wa ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ya mikopo ya vikundi, vikaja kukaa barazani kwangu, si kwa mweka hazina.

Mipango Mstaafu: Na sisi tusikilizwe. Nimekaa idara ya mipango miaka mingi. Nilimwomba diwani mmoja vipaumbele vitatu, akaniletea arobaini na moja, cha kwanza nyumba ya mtendaji, cha mwisho uwanja wa mpira. Kikao cha WDC, yaani Kamati ya Maendeleo ya Kata, hakukaa hata kimoja. Ukiwaita mapema, swali la kwanza ni posho.

Korosho Ghafi: Mzee, posho ya kujisainisha semina za Morogoro ilikuwa ya nani?

Mipango Mstaafu: Taja jina langu kama unanijua.

Mwana wa Shangani: Wazee wangu, turudi kwenye mada.

Boma Bila Bati: Nilikuwa nasoma tu, lakini hii imenitonesha. Kata yangu ina kijiji, tukiite Majengo. Wananchi walichanga kila msimu wa korosho, wengine walikatwa kwenye malipo ya chama cha msingi, wakapandisha boma la zahanati mpaka lenta. Kinamama walisomba mchanga kichwani. Nikaomba fedha za kuezeka, nikaambiwa ipo. Kwenye baraza nikasikia kwa masikio yangu "umaliziaji wa boma la zahanati Majengo", nikapiga meza kwa furaha. Nikaitisha mkutano wa hadhara, nikatangaza, ngoma ikapigwa.

Julai kimya. Septemba kimya. Oktoba nikaenda ofisini, kijana akafungua kompyuta, akaniuliza, "Mheshimiwa, Majengo ya kata gani?" Fedha ilikuwa imeingizwa Majengo ya kata nyingine kabisa, ambako hakuna boma hata la kuku! Diwani wa kule naye alikuwa amepiga meza. Kuhamisha kifungu, yaani kuirudisha fedha kwetu, kukaanza kamati kwa kamati. Masika yakafika kabla ya bati, ukuta wa chumba cha kujifungulia ukalala chini.

Nilirudi kijijini. Hakuna aliyenitukana. Bibi mmoja alinyanyuka, akanikabidhi kata yake ya kubebea mchanga, ile ya kitenge, akaketi. Mpaka leo ninayo.

Bi Viti Maalum: Yaani mwili umenisisimka.

Boda wa Mikindani: Sasa wale Majengo wasio na boma walifanyaje?

Boma Bila Bati: Walianza kufyatua matofali haraka haraka.

Boda wa Mikindani: 😂😂 Ningekuwa mimi pia.

Mipango Mstaafu: Hili ni kosa letu, silitetei. Mtu mmoja wa kata ile angeiona rasimu Desemba, angelishika palepale. Ushauri wangu: muhtasari wa WDC ugongwe mhuri, uandikwe kijiji, kata na hatua boma lilipofikia, ubaki na nakala.

Mtendaji Kijiji: Muhtasari tunapeleka kila mwaka, mzee. Unawekwa chini ya chupa ya chai. Dawa ni kwenda mwenyewe mwezi wa kumi na moja, unakaa kwenye benchi la mipango mpaka wakuchoke.

Korosho Ghafi: Ukienda sana wanasema una mradi wako binafsi. Mimi niligoma kupitisha. Baraza likaahirishwa mpaka saa kumi jioni, njaa ikatuuma, tukapitisha.

Bi Viti Maalum: Njaa mbaya jamani. Lakini saa tano asubuhi tulipunguza makisio ya ushuru mwaka uliofuata, na tulikula baadaye.

Mwana wa Shangani: @Boma Bila Bati, zahanati ikoje sasa?

Boma Bila Bati: Imeezekwa awamu ya diwani aliyenishinda. Alizindua yeye. Mimi nilikaa nyuma, karibu na yule bibi.