Naomba ushauri: kutoa tinti ya zamani kioo cha nyuma bila kukata zile nyaya

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Nina Toyota IST nimeichukua kwa mtu hapa Dar, gari iko poa ila tinti yake imechoka kabisa, imegeuka zambarau na kufanya malengelenge, usiku nikirudi rivasi sioni kitu na hilo ndo linanitia hofu maana mtaani kwetu watoto wanacheza mpaka usiku.

Vioo vya pembeni nimeshavimaliza, nilipasha na draya ya nywele nikaanzia kwenye kona nikavuta taratibu, gundi iliyobaki nikapuliza maji ya sabuni nikakwangua na wembe, vimetakata. Kazi iko kioo cha nyuma. Kina zile nyaya nyembamba za kuondoa ukungu na zimepakwa upande wa ndani, upande huohuo wenye tinti, kwa hiyo wembe naogopa kupitisha. Nimejaribu draya hapo pia, plastiki ya juu inachanika vipande vipande kama karatasi iliyolowa na gundi inabaki imeng'ang'ania juu ya nyaya.

Fundi mmoja kaniambia nipake petroli, mi sijaafiki, mvuke wake ndani ya gari na jua hili ni hatari.

Sasa naomba kujua, gundi ya juu ya nyaya mnaitoa na nini bila kuzikata? Na ile mashine ya mvuke ya kunyooshea nguo inaweza kuvua tinti ikatoka nzima, au joto lake linaweza kupasua kioo? Aliyewahi kufanya mwenyewe anisaidie tafadhali.