Nimelipia kilima cha Hanuman, nikapandishwa kilima kingine. Mnaosoma India, someni hapa

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Wiki mbili zimepita tangu nirudi kutoka Hampi, mji wa kale wa mahekalu kusini mwa India, na hasira haijanitoka, kwa hiyo leo naandika yote.

Nasoma Bengaluru, kwetu Mwanza. Nimekulia kwenye nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba wetu ni mama wa Kihindi ambaye sasa ana miaka 80 na ushee. Mtaa mzima tunamwita Ba. Mama yangu alipougua, ni Ba aliyenilipia ada ya kidato cha tano na cha sita, na hajawahi kuidai. Jioni alitukalisha watoto kwenye jiwe la nyuma ya nyumba (mtu wa Mwanza ananielewa, nyumba zetu zimebebwa na mawe) akatusimulia habari za Hanuman, mungu wa Kihindu mwenye umbo la nyani: mama yake Anjana, baba yake Vayu mungu wa upepo, na siku alipoliona jua linachomoza akadhani ni tunda limeiva, akaruka kwenda kulichuma mpaka mungu Indra akampiga radi ya taya. Mimi ni Mkristo na Ba hajawahi kuniambia nibadili dini. Alikuwa anatusimulia kama bibi yeyote.

Nilipopata nafasi ya kuja kusoma huku aliniomba kitu kimoja. Nifike Anjanadri, mahali alipozaliwa Hanuman, nipande ngazi zote 575 kwa miguu yangu, nivunje nazi kwa jina lake. Yeye miguu imeshakataa safari.

Nikakusanya hela miezi minne. Kuna kampuni ya kupeleka watu matembezi, jina nalihifadhi kwa sasa, tangazo lao lilikuwa na picha ya kilima cha mawe chenye ngazi nyeupe zinazopanda zikipinda hadi hekalu jeupe kileleni. Rupia 4,500, siku mbili, basi, chumba na mwongozaji. Niliwauliza mara mbili kwa ujumbe: Anjanadri ipo kwenye ratiba? Mara zote mbili wakajibu ipo, alfajiri ya kwanza, mtaona jua likichomoza. Ujumbe ninao mpaka leo.

Tumefika baada ya kusafiri usiku kucha, karibu kilomita 350. Siku iliyofuata tukaamshwa saa kumi na moja, giza totoro, tukapanda kwa tochi za simu kwenye mawe yaliyobebana, mengine makubwa kuliko nyumba. Kama yale ya kwetu kabisa: matale yenye umri wa miaka zaidi ya bilioni 2, yamepasuka na kulika mpaka yakawa mviringo. Juu kuna hekalu dogo la zamani. Mwongozaji akasimama akatutangazia kuwa hapa ndipo Hanuman alipozaliwa. Watu wakaanza kupiga picha. Mimi nikavua viatu, nikavunja nazi niliyoinunua jana yake nje ya hekalu la Virupaksha, kisha nikampigia Ba simu ya video.

Mwanza ilikuwa saa kumi usiku. Ba alikuwa ameshaoga, amevaa sari nyeupe, amewasha taa yake ya samli. Anasubiri.

Akatazama muda mrefu, hasemi neno. Halafu akaniuliza, "Dikra (yaani mwanangu), mbona sioni ngazi nyeupe? Mto uko wapi?" Nikamwonyesha mto Tungabhadra, uko chini yetu. Akasema, "Geuza simu, nionyeshe ng'ambo." Nikageuza. Kule ng'ambo, upande wa kijiji cha Anegundi, kilima kimesimama peke yake, mstari mweupe unapanda ubavuni hadi juu. Ba akasema, "Ni kile pale." Kisha akaanza kunipa pole mimi. Yeye ndiye ananipa pole!

Tulikuwa juu ya Matanga. Na kinachonichoma zaidi ni kwamba Matanga si kilima cha kusingiziwa habari za mwingine, kina yake. Wenyeji wanasimulia kuwa Vali, mfalme wa nyani wa Kishkindha, alimuua Dundubhi, jini aliyekuja kwa umbo la nyati, akautupa mzoga mbali na damu ikadondoka kwenye makao ya mtawa Matanga. Matanga akamlaani: ukikanyaga hapa utakufa. Ndiyo maana Sugriva, mdogo wake Vali, alipofukuzwa alikimbilia kwenye mawe hayo, maana kaka yake asingethubutu kumfuata. Na hekalu la juu ni la mungu Virabhadra. Haya yote hatukuambiwa. Watu kumi na wanne tumepandishwa kilima chenye habari nzito namna hiyo, tukashushwa na uongo.

Nilipombana mwongozaji akanijibu kwamba mawe ni yale yale na Hanuman ni yule yule. Dereva ndiye aliyesema kweli: kwenda Anegundi kwa barabara inabidi basi lizunguke mbali, na bosi hataki kuchoma mafuta.

Najua kuna watakaokuja kusema hata Wahindi wenyewe hawakubaliani. Kweli. Mwaka 2021 wasimamizi wa hekalu la Tirumala, Andhra Pradesh, walitangaza kuwa Hanuman alizaliwa kwenye vilima vyao, watu wa Karnataka, jimbo ilipo Hampi, wakakataa, na Maharashtra nao wana Anjaneri yao karibu na Nashik. Sasa kama watu wanagombania kilima kiasi hicho, wewe unapata wapi ujasiri wa kusema kilima chochote kinatosha?

Niliachana na kundi siku hiyo hiyo. Nikavuka mto kwa boti, nikachukua bajaji hadi chini ya Anjanadri, nikapanda peku. Jiwe lilikuwa limeshapata moto. Tumbili ni wengi, wakiona mfuko wa plastiki wanaupora, kwa hiyo nazi ya pili niliificha ndani ya begi la mgongoni. Juu, Hanuman amechongwa kwenye jiwe lenyewe, amepakwa rangi nyekundu ya machungwa. Nikavunja nazi. Safari hii Ba hakuuliza kitu, aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa simu.

Basi likaniacha. Treni kutoka Hosapete nikajilipia.

Kampuni nimeiandikia mara tano. Jibu lao: ulifika Hampi, hakuna deni. Sasa wamenifungia namba. Kama kuna mwenye kujua namna ya kupeleka malalamiko ya mteja huku ukiwa mgeni mwenye visa ya masomo, naomba anielekeze hapa hapa. Na mnaotaka kwenda, andikisheni jina la kilima kwenye risiti, na muulize mtavuka mto wapi. Asiyevuka Tungabhadra kutoka Hampi hajafika Anjanadri.

Kwenye kundi letu kulikuwa na mama mmoja wa makamo, alikuwa amefunga tangu jana yake. Baada ya mwongozaji kusema yale maneno, alichota udongo kidogo juu ya Matanga akaufunga kwenye ncha ya sari. Nilipopata uhakika tuko wapi alikuwa ameshashuka. Sina namba yake.