Tupeane uzoefu: kusakinisha na kuondoa vifurushi vya programu kwenye Linux

Mleta mada, Sakina, Arusha

Ndugu zangu, naomba tuelezane yaliyotukuta katika kusakinisha programu kwenye Linux na hasa katika kuziondoa, kwa maana miongozo mingi niliyosoma hufundisha kusakinisha na kuishia hapo, ilhali kilichoniumiza mimi ni kuondoa.

Laptopu yangu ya Ubuntu 18.04, ambayo ni aina mojawapo ya Linux, ilikaribia kujaa. Nikiamini kwamba Python 3, lugha ya kuandikia programu, niliiweka mwenyewe wakati wa masomo, niliandika `sudo apt remove python3`. Apt, yaani chombo cha Ubuntu cha kusakinisha na kuondoa programu, ilinionyesha orodha ndefu ya vifurushi vitakavyoondoka pamoja nayo, ikaniuliza kama iendelee, nami nikabonyeza Y bila kusoma. Vifurushi vingi vya Ubuntu huitegemea Python 3, hivyo hata mazingira ya kazi yenye madirisha yaliondoka, na nilipowasha tena nilikuta skrini nyeusi yenye maandishi matupu. Kilichoniokoa ni faili la `/var/log/apt/history.log`, ambalo huandika kila kilichosakinishwa na kuondolewa, pamoja na tarehe na saa. Nilichomeka waya wa ruta, nikasakinisha `ubuntu-desktop`, kifurushi kinachorudisha mazingira hayo ya madirisha, kisha nikarudisha vilivyobaki kimoja kimoja kwa kufuata orodha ile. Nyaraka zangu ndani ya `/home` zilikuwa salama. Tangu siku hiyo naanza kwa `apt -s remove`, amri inayoigiza tu bila kuondoa chochote.

Mchangiaji wa Majengo, Moshi

Pole sana, mkuu. Mimi nilisumbuliwa siku mbili na nginx, programu ya seva ya tovuti. Nilikuwa nimeharibu mipangilio yake, nikaiondoa kwa `apt remove`, kisha nikafuta folda ya `/etc/nginx` kwa mkono nikidhani nasafisha. Niliposakinisha upya, seva ilikataa kuwaka ikilalamika kwamba `nginx.conf` haipo. Nilirudia mara nne, matokeo yakawa yale yale. Baadaye nilielewa kwamba `remove` huacha mafaili ya mipangilio, na kwamba ukiyafuta mwenyewe, dpkg, chombo ambacho apt hukitumia kusakinisha vifurushi, huheshimu uamuzi wako na haiyarudishi. Tena mafaili hayo ni ya kifurushi kingine, `nginx-common`, ambacho kilikuwa bado kimesakinishwa. Niliandika `sudo apt purge nginx nginx-common`, amri inayoondoa programu pamoja na mipangilio yake, nikasakinisha tena, ikawaka mara moja. Anayetaka kujua mabaki aliyonayo aandike `dpkg -l` na atazame mistari inayoanza na herufi rc: programu imeondoka, mipangilio imebaki.

Mchangiaji wa Ngarenaro, Arusha

Nina duka la stesheneri. Umeme ulikatika wakati LibreOffice, programu ya kazi za ofisi, inasakinishwa, na uliporudi apt ikagoma kufanya lolote. Mtu alinishauri nifute mafaili ya kufuli ya dpkg, yanayozuia michakato miwili isibadili vifurushi kwa wakati mmoja, ushauri ambao nawaomba msiufuate, kwani kufuli huachiwa lenyewe mchakato unapokufa, na kulifuta wakati mchakato mwingine unafanya kazi kunaweza kuharibu kumbukumbu za vifurushi. Dawa ilikuwa imeandikwa kwenye ujumbe wenyewe wa kosa: `sudo dpkg --configure -a`. Ilimalizia pale ilipoishia.

Mchangiaji wa Soweto, Moshi

Naomba msaada pia. Niliijenga programu kutoka kwenye msimbo wake, yaani maandishi yaliyoandikwa na watengenezaji wake, kwa `sudo make install`, kisha nikafuta folda ya msimbo. Sasa nataka kuiondoa na apt inasema haiifahamu.

Mleta mada

Ndugu wa Soweto, apt haina kumbukumbu nayo kwa sababu haikupitia kwake; kwa kawaida mafaili yake yako chini ya `/usr/local`. Pakua msimbo wa toleo lile lile, uuandae kwa vigezo vile vile ulivyotumia mwanzo, kisha ujaribu `sudo make uninstall`. Si kila mtengenezaji huiweka amri hiyo. Ikikosekana, endesha `make -n install`, ambayo huonyesha tu hatua bila kuzitekeleza, uone kila faili linakopelekwa, kisha uliondoe kwa jina lake. Tafadhali rudi utueleze ilivyokwenda.