Niliwaangusha mashabiki wangu Ujiji. Nataka kuwalipa, nianzie wapi?

Sauti ya Mwanga (mwenye uzi):
Habari za jioni ndugu zangu. Naomba mnisome hadi mwisho ndipo mnijibu, hata kama ni kwa ukali.

Mimi ni mwimbaji, mwanamke, naishi Mwanga hapa Kigoma. Nina bendi ndogo ya watu sita. Wiki tatu zilizopita tulikuwa na onyesho Ujiji. Tuliuza tiketi 340, kila moja 5,000. Tarehe tuliichagua makusudi iangukie mbalamwezi, kwa sababu mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inalala ufukweni, na watu wa Kibirizi wanapata usiku wa kupumzika. Kwa hiyo niliwaita watu ambao usiku wao wa starehe ni wa kuhesabu.

Siku moja kabla nilipokea kazi ya harusi Kasulu. Walinipa 300,000 nikaona siwezi kuiacha, kodi ya nyumba ilikuwa mlangoni. Niliimba mpaka karibu na alfajiri. Asubuhi nafungua kinywa kumsalimia mwanangu, sauti haipo. Inatoka kama mlango uliokauka bawaba.

Nilipaswa kusema. Sikusema. Onyesho lilitangazwa saa mbili usiku, mimi nikapanda jukwaani saa tano na nusu. Promota akaniambia tuchomeke fleshi yenye nyimbo zangu, mimi nichezeshe mdomo. Kwenye wimbo wa tatu nikainama kumshika mkono mtoto aliyekuwa mbele, maiki ikawa kiunoni, na sauti yangu ikaendelea kuimba kwenye spika. Ukumbi ukanyamaza. Hawakuzomea, walinyamaza tu, na ile kimya naisikia hadi leo. Nikamaliza nyimbo tano kati ya ishirini nilizoahidi, nikajitanda khanga kichwani nikatoka mlango wa nyuma.

Huko nyuma nikakutana na mama mmoja anayeanika dagaa Kibirizi. Huwa namwona sokoni. Tiketi alikuwa bado ameishika, imekunjwa imekuwa ndogo kama ukucha. Akaniambia: "Mwanangu, nilikuja kukusikia wewe. Redio ninayo nyumbani." Hakuongeza neno, akaondoka.

Mapato yalikwenda kwenye ukumbi, vyombo, jenereta, wanabendi na promota. Sehemu yangu ilikuwa 420,000. Nikijumlisha na kilichobaki cha Kasulu, mkononi nina 510,000. Kurudisha hela ya kila mtu ni 1,700,000, sina. Promota anasema nikae kimya, watu watasahau. Mimi siwezi. Nirekodi video ya kuomba radhi? Nirudishe hela kwa wachache? Niwaimbie bure? Nisaidieni.

Kijana wa Gungu:
Nilikuwepo, nimekaa safu ya nne na mke wangu. Dada, nitakwambia kilichoniuma. Sauti kukauka ni ubinadamu, hata mwadhini hukauka koo. Kilichoniuma ni mlango wa nyuma. Tulikaa zaidi ya nusu saa tukidhani umekwenda kubadili nguo. Watu wakaanza kuulizana, kisha mtu wa mlangoni akaja kuzima taa za pembeni. Ndivyo tulivyojua kwamba umekwisha kuondoka. Mke wangu hakusema kitu njia nzima ya kurudi, na yeye ndiye aliyekuwa ameniomba nimlete.

Ukitaka kuniomba radhi mimi, usianze na sauti. Anza na mlango.

Nyota ya Jukwaa:
Usiimbe bure hata siku moja. Ukishaimba bure mara moja, mwakani watu watakuuliza kwa nini unauza tiketi. Video fupi inatosha, maisha yaendelee.

Mama Chanja:
@Nyota ya Jukwaa hiyo si bure. Ni deni. Hela walishatoa, mwimbaji ndiye hajatoa. Mimi nikikuuzia debe la dagaa ukafika nyumbani ukakuta chini mchanga, nikikuletea dagaa wengine nimekupa bure?

Mzee wa Reli:
Binti yangu, nimestaafu reli, nimekulia Tabora enzi za bendi ya Tabora Jazz, na ujanani nilipiga gitaa la rithimu kwenye bendi ndogo ambayo wengi wenu hamkuisikia. Dansi lilitufunza jambo moja. Mwimbaji akipoteza sauti, anapanda jukwaani yeye mwenyewe, anashika maiki, na kwa sauti hiyo hiyo iliyokwaruza anawaambia watu: leo koo limenikatalia. Kisha anamkabidhi maiki mwimbaji wa pili na yeye anabaki hapo hapo, anashika maraka, anaitikia anapoweza. Nimeona watu wakishangilia usiku kama huo kuliko usiku ambao sauti ilikuwa nzima. Wanajua wamepewa kilichopo.

Wewe una watu sita. Hakuna hata mmoja anayejua nyimbo zako? Kabla ya onyesho lingine lolote, mfundishe mmoja. Na video usiitangulize. Mtu aliyekuja kwa miguu yake kukusikiliza, naye afuatwe kwa miguu. Nenda Ujiji, nenda Kibirizi mwaloni asubuhi, wakati akina mama wanamwaga dagaa kuwaanika. Utaogopa. Nenda hivyo hivyo.

Bwana Hati:
Niongeze upande wa sheria kidogo, maana nimesoma huko. Tiketi ni mkataba. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, aliyevunja ahadi anawajibika kumfidia aliyepata hasara. Kwa hiyo ushauri wa promota kwamba mkae kimya unakuweka pabaya. Angalia tiketi yenyewe imeandikwa jina la nani kama mwandaaji. Kama ni lake, deni hili si lako peke yako, na una haki ya kumtaka achangie. Zungumzeni, muandike mlichokubaliana, msaini.

Vishina vya tiketi vipo? Kama vipo, vifunge, viweke salama, ndiyo daftari lako. Na onyesho la fidia, hata kama mlangoni halipi mtu, pita kwanza kwa afisa utamaduni wa manispaa. Usije ukaongeza kosa juu ya kosa.

Nesi wa Zamu:
Mdogo wangu, sauti imerudi? Hujasema. Wiki tatu ni nyingi. Kama bado unakwaruza, usisubiri zaidi, nenda hospitali ya Maweni wakakuangalie koo.

Na naomba usikie hili kwa makini. Siku ile ulikunywa dawa ya maumivu ili upande jukwaani? Waimbaji wengi wanafanya hivyo. Aspirini na jamii yake hufanya damu iwe nyepesi kuvuja, na ukilazimisha sauti wakati nyuzi za sauti zimevimba, mshipa mdogo unaweza kupasuka humo humo kooni. Maumivu ndiyo yanayokuambia acha, wewe unayazima. Pia usinong'one ukidhani unapumzisha sauti, kunong'ona kunaweza kuzichosha nyuzi vilevile. Nyamaza kabisa, kunywa maji, jifukize mvuke wa maji matupu. Onyesho la kuwalipa watu ukiliimba na koo bovu utarudi hapa na uzi mwingine.

Fundi Spika:
Mimi ni fundi wa vyombo, si wa bendi yako. Ukirudi kwao, fleshi isiingie kabisa kwenye mashine. Spika mbili, maiki mbili, gitaa, ngoma. Watu wasikie hata unapovuta pumzi. Nipo Kigoma, ukinipa mafuta ya jenereta nitakuja na spika zangu, sitaki malipo.

Mama Chanja:
Nimefurahi kumsikia fundi. Sasa mimi niseme ya kwetu, maana nafanya kazi mwaloni. Siku iwe mbalamwezi tena, hiyo ulipatia. Lakini saa tano na nusu ya usiku ni saa ya nani? Sisi tunaamka saa kumi alfajiri. Anza saa moja jioni, maliza saa tatu. Na usituite Ujiji, uje wewe Kibirizi. Mara ya kwanza sisi ndio tulitoa nauli ya bodaboda kwenda na kurudi. Watu wa Ujiji nao wafanyie kwao siku nyingine, usiwachanganye ukawalipisha nauli mara mbili.

Ile 510,000 usigawe, kila mtu atapata 1,500 na hakuna atakayeridhika. Tumia kwa maonyesho mawili. Atakayesema mimi nataka hela yangu, mpe 5,000 yake bila maneno.

Nyota ya Jukwaa:
Mama Chanja, nimekuelewa. Nafuta niliyosema juu.

Sauti ya Mwanga (mwenye uzi):
Ndugu zangu, samahani kwa kukaa kimya siku tano. Nilifanya mliyosema.

Shikamoo Mzee wa Reli, nilikwenda Kibirizi asubuhi, kwa miguu. Nilimkuta yule mama anageuza dagaa kwenye chanja kwa viganja, jua ndiyo kwanza linachomoza. Nikamwamkia, mwakeye mama. Akaitikia bila kuinua kichwa. Nikamwambia yote, harusi ya Kasulu, fleshi, mlango wa nyuma. Nikampa 5,000. Akaniangalia, akafuta mikono kwenye khanga, akaichukua na kuifunga kwenye pindo. Kisha akasema, "Sasa tumemalizana ya hela. Ya kuimba bado." Akanisogeza upande wa pili wa chanja, tukageuza dagaa pamoja, na akina mama wengine wakaja mmoja mmoja kuuliza huyu ni nani. Nilirudia kusimulia mara nne.

Kijana wa Gungu, naomba radhi kwako na kwa mke wako. Naomba hasa kwa ile nusu saa. Jioni ya onyesho nitaingia na kutoka kwa mlango wenu.

Nesi, Maweni nimekwenda. Nyuzi zimevimba, hazijapasuka. Nimeambiwa nisiimbe wiki mbili, na mwanangu tunaongea kwa mikono. Siku ile nilikunywa dawa, ndiyo. Sitarudia.

Promota tumezungumza mbele ya mtu mzima wa mtaani kwake. Amekubali kulipia usafiri wa vyombo, tumesaini. Afisa utamaduni nimemwona. Mpiga besi wangu anajifunza nyimbo zote ishirini.

Kibirizi si mbalamwezi hii ya karibu, koo bado linapumzika, ni ile itakayofuata, saa moja kamili jioni. Ujiji ni kesho yake, saa ile ile. Tiketi ni zile zile za njano. Aliyeipoteza aje na mtu aliyekaa naye siku ile, nitawaamini.