Fender Stratocaster ya mwaka 73 imepakwa rangi nyeusi juu, nikwangue yote nipige nyekundu?

mtoto_wa_dansi:

Wakuu habari zenu, naombeni ushauri kwa wanaojua gitaa za zamani na hasa mafundi rangi. Nimeachiwa gitaa la umeme na mjomba wangu, alikuwa anapiga rhythm kwenye bendi za hotelini Mombasa enzi hizo na baadae akarudi huku Tanga. Ni Fender Stratocaster, lile bamba la chuma la nyuma linaloshika shingo lina skrubu tatu na namba ya tarakimu sita inayoanza na 4, wanasema ni ya 73 hivi.

Shida ni bodi. Kuna mtu zamani aliipaka rangi nyeusi nzito kwa brashi, naona kama rangi ya mafuta ya milango kabisa maana michirizi ya brashi inaonekana, na sasa inabanduka pembeni na pale mkono unapolala imekuwa ya kunata, ukipiga nusu saa na hili joto letu la pwani unatoka na weusi hadi kwenye shati.

Nilichopanga ni kufungua kila kitu, kukwangua mpaka mbao, halafu nimpelekee fundi wa magari apige nyekundu ya kung'aa, amesema atatumia 2K, ile rangi ya kuchanganywa na hadena ya kuigandisha, na kazi ni ya siku chache tu. Lakini nimesoma sehemu kwamba rangi nene inaua sauti ya gitaa na kwamba za zamani zote zilipigwa nitro, yaani lacquer ya nitroselulosi. Ni kweli? Na nianze na msasa namba ngapi? Siuzi hili gitaa, nataka kupiga nalo.

Nyuzi_Sita:

Mkuu pole kwa msiba na hongera kwa urithi, ila nakuomba sana huo msasa uuweke chini kwanza, usiguse chochote mpaka ujue chini ya huo weusi kuna nini.

Nakwambia kwa nini. Fender mpaka miaka ya 60 walikuwa wanapiga lacquer ya nitro, na zile rangi maalum walizichukua kwenye magari, nyekundu unayoiwaza inayoitwa Fiesta Red ilitoka kwenye Ford Thunderbird ya 1956. Sasa ilipofika 1968 wakaanza kuhamia polyesta, rangi nene ngumu inayofunika mbao kama kioo. Ya kwako kama kweli ni ya 73 basi chini ya huo weusi uwezekano ni mkubwa kwamba kuna polyesta, na polyesta haiyeyuki kirahisi, kwa hiyo hiyo rangi ya milango inaweza kutolewa juu yake na rangi ya kiwandani ikabaki. Hiyo ni bahati ambayo mwenye gitaa la 1962 lililopakwa juu hana, maana kule dawa inayotoa rangi mpya inaondoka na nitro ya chini pia.

Na ukisema ukwangue polyesta kwa msasa mpaka mbao utateseka, rangi ni ngumu kuliko mbao yenyewe, utakapoivunja sehemu moja msasa unaanza kula mbao wakati pembeni bado rangi ipo, mwisho bodi inakuwa na mabonde na yale mapindo mazuri ya mbavuni na ya mkono yanapotea. Hayo hayarudi.

Fanya hivi. Legeza nyuzi zote, piga picha kila hatua. Fungua ile plastiki nyeupe ya mbele yenye pikapu (zile sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi), igeuze taratibu kwa sababu kuna waya wa athi umechomelewa risasi kwenye kile chuma cha springi za nyuma, na mingine miwili inaenda kwenye tundu la jeki. Angalia kwenye mashimo ya pikapu, mara nyingi mtu wa brashi hafiki huko. Angalia pia migongo ya vile vitasa vya volyumu na toni, vina namba imegongwa. Ikianza na 137 ni kiwanda cha CTS, zinazofuata ni mwaka na wiki, kwa mfano 1377312 ni wiki ya 12 ya 1973. Gitaa lenyewe litakuwa limetoka muda fulani baada ya hapo.

Halafu pamba ya masikio na asetoni kidogo, ile ya kutolea rangi ya kucha, gusa sehemu iliyofichika kabisa. Ikilainika na kunata ndani ya sekunde chache hiyo ni nitro au akriliki, acha hapo hapo. Isipofanya kitu ni polyesta au poliuretani. Asetoni wala thina isikaribie plastiki yoyote, inayeyusha.

Kuhusu thamani najua umesema huuzi lakini jua tu, kule Marekani gitaa la zamani lililopigwa rangi upya wauzaji wana kawaida ya kukata karibu nusu ya bei, hata kama kazi ni nzuri kiasi gani. Lililochakaa na rangi yake ya kuzaliwa linauzwa zaidi ya linalong'aa.

FundiRangi_Gerezani:

Mimi ni wa rangi, gitaa sijui kupiga, nachangia upande wangu. Nitro ni NC, ile ile wanayopiga kwenye fanicha, ipo madukani ya clear na za rangi, usitafutiwe kitu cha ajabu kutoka nje ukauziwa bei ya dhahabu.

Ila NC na pwani zinagombana. Thina yake inakimbia haraka, ikikimbia inapoza uso wa mbao, unyevu wa hewani unanasa pale, rangi inakuwa nyeupe kama ukungu. Kwa hiyo usipige asubuhi mapema wala siku ya mvua, subiri kuanzia saa nne mpaka saa tisa jua likiwa limekaa vizuri, na kompresa iwe na chujio la maji. Ukungu ukishatokea piga thina nzito ile inayokauka taratibu, pasi moja nyepesi, unaondoka. Koti nyembamba nyembamba, kila koti inayeyuka kidogo inashikana na ya chini. Watu wanakosea mwishoni, inakauka mkononi baada ya saa moja wanaanza kusugua siku hiyo hiyo. Iache wiki tatu nne mpaka harufu iishe, ndio uende msasa wa maji 1000, 1500, 2000, halafu polishi.

2K ya huyo fundi wa magari ni ngumu na inakauka haraka, siipingi, lakini mkuu hadena yake ina kemikali inaitwa isosayaneti, ukivuta huo moshi mara kwa mara mapafu yanaharibika na pumu inaweza kukupata moja kwa moja. Kaa mbali siku anapopiga. Hata NC usipige na barakoa ya kitambaa, vaa yenye vichujio vya kaboni, na moto wa aina yoyote usiwepo karibu, hata jiko la jirani.

Na wakiipiga yoyote ile wazibe kwa masking tepu, ile ya karatasi ya kuzuia rangi, lile shimo shingo inapokaa. Rangi ikijaa mle shingo haikai tena ilivyokuwa.

besi_la_likoni:

Ndugu yangu mimi naona tofauti kidogo na Nyuzi_Sita. Gitaa ni la kupigwa, marehemu mjomba alilipigia wageni hotelini usiku kucha, hakuliweka kabatini. Ikiwa chini ya weusi rangi ya kiwandani imeshaharibiwa, piga nyekundu yako na ufurahi, hakuna wa kukuuliza.

Hilo la rangi nene kuua sauti lisikunyime usingizi. Gitaa la umeme sauti inatoka kwa nyuzi na pikapu na amplifaya, na hizo Strat za miaka ya 70 zenye polyesta nene zimerekodi muziki mwingi sana duniani. Ukitaka sauti ibadilike anza na nyuzi mpya na seting ya shingo. Hiyo yako ya skrubu tatu ina kijiskrubu kidogo cha kurekebisha mwinuko wa shingo kwenye lile bamba, hakikisha skrubu zote zimekaza vizuri, ikilegea shingo inacheza na hapo sauti kweli inakufa.

mtoto_wa_dansi:

Wakuu asanteni sana, nimefungua. Vitasa vyote vitatu vinaanza na 13773. Ndani ya mashimo hakuna weusi, na pale chini ya plastiki kuna sanibasti, ile rangi ya kufifia kutoka pembeni kwenda katikati! Nyeusi pembeni, inakuja nyekundu, katikati njano, inang'aa kama imepigwa jana. Asetoni kwenye shimo la pikapu haikufanya kitu kabisa.

Nikajaribu mgongoni sehemu ndogo kwa kitambaa na thina ya NC, weusi unalainika na kutoka, chini sanibasti ipo ila ina mikwaruzo mingi midogo, nadhani yule aliyepaka alipiga msasa kwanza rangi ishike. Na pale mkono unapolala nimeona kuna sehemu kama kiganja imefika mbao kabisa. Nyekundu nimeachana nayo. Naendeleaje?

Nyuzi_Sita:

Mkuu umenifurahisha mno, hiyo ni rangi aliyoinunua nayo mwenyewe wa kwanza.

Endelea hivyo hivyo pole pole, kitambaa kilicholowa sio kumwagia, sehemu ndogo kwa wakati, ukishalainisha sukuma kwa kadi ya plastiki ya zamani, usitumie kisu. Kwenye ile sehemu ya mbao na kwenye nyufa usiache thina ikae, itaingia chini ya kingo na kubeba weusi kwenye mbao, hapo tumia kucha na uvumilivu. Thina inatoa moshi pia, kaa nje.

Mikwaruzo ndio faida ya polyesta nene, msasa wa maji 2000 kwa mkono mwepesi halafu dawa ya kusugulia magari, itarudi. Kwenye kona na kingo usipitishe msasa kabisa, clear pale ni nyembamba na chini yake ndio kuna ile nyeusi ya sanibasti, ukiipita unaona mbao. Palipobanduka vipande na kingo zinataka kuendelea kupasuka dondoshea gundi ya supagluu nyembamba, ikauke, isawazishe.

Ile ya kiganja mimi ningeiacha ilivyo. Mkono wa mjomba ndio uliifanya, au angalau uliianza. Kama unaogopa jasho pakaa NC ya clear iliyochanganywa nyepesi kwa kitambaa, mara mbili tatu, basi. Na skrubu zote za zamani hata zenye kutu weka kwenye mfuko mmoja, usikubali mtu akubadilishie mpya.

FundiRangi_Gerezani:

Hiyo NC ya kupaka hapo usiende kununua lita nzima, pita kwa mafundi fanicha hapo Tanga uombe robo, na chukua isiyo na rangi kabisa, zile zenye njano zitaacha alama pembeni mwa sanibasti.