Tumeuziwa mbuzi kwenye gunia: ratiba ya Madagaska iliyopangwa na mtu asiyewahi kukanyaga huko

Wakuu, habari za majukumu. Mods naomba msiuhamishie huu uzi kule kwenye picha na vivutio, hapa nimekuja kulalamika. Anayetaka kupita na "pole mkuu" apite, ila asome kwanza, maana Desemba hiyo inakuja na hawa watu wameshaanza kutangaza tena.

Kuna kampuni ya safari hapa Dar. Ofisi safi, kiyoyozi, leseni ya biashara ya utalii, ile ya TALA, imetundikwa ukutani kwenye fremu. Jina silitaji kwa sababu bado tunadaiana. Wanauza safari ya familia ya Madagaska, "nyanda za juu, msitu wa mvua na fukwe ndani ya wiki moja". Nililipa milioni 22 kwa watu sita: mimi, mama watoto, watoto watatu na bi mkubwa wangu. Shule zilipofungwa mwezi wa sita tukaondoka.

Sasa sikilizeni ratiba. Unatua uwanja wa ndege wa Ivato, unalala mji mkuu Antananarivo, wenyewe wanauita Tana. Kesho yake Antsirabe. Kesho yake tena Ranomafana, msituni. Mpaka hapo mtu anaweza kusema ni mbio lakini zinakimbilika. Siku inayofuata imeandikwa hivi, na karatasi ninayo: "Saa 4 asubuhi kuondoka Ranomafana. Saa 11 jioni kuwasili Andasibe. Usiku matembezi ndani ya hifadhi." Alfajiri yake unaondoka Andasibe kwenda Toamasina kuogelea. Siku ya mwisho unatoka Toamasina asubuhi, na usiku huohuo unapanda ndege Ivato.

Asiyejua kule ataona mbona iko sawa. Ranomafana iko kusini, kama kilomita 400 kutoka Tana. Andasibe iko mashariki ya Tana, kilomita 150 hivi. Kuipata ya pili ukitokea ya kwanza inabidi urudi mpaka mji mkuu, upenye foleni ya Tana, ambayo wakazi wa Mbagala mkiiona mtaacha kulalamika, halafu ndiyo ushike barabara ya mashariki. Yaani kilomita 550 kwa saa saba, na chakula cha mchana humohumo! Basi la Mbeya lenyewe na wazimu wake wote halifanyi hivyo.

Na hiyo ni barabara ya milimani, kona juu ya kona, mikokoteni ya ng'ombe, watu wanatembea pembeni na mizigo kichwani, vipande vingine mashimo. Madagaska siyo Unguja, kwamba ukila chai Mjini utakula mchana Nungwi. Ni kisiwa cha nne kwa ukubwa duniani, kilomita za mraba kama 587,000, kinaizidi Kenya nzima. Anayepanga safari ya kule kwa kuhesabu kilomita badala ya saa za barabarani anacheza na hela za watu.

Aliyetuokoa ni dereva tuliyemkuta uwanja wa ndege. Mzee mmoja mpole, Kiingereza chake cha kuunga unga. Nikampa ile karatasi. Akaisoma, akaigeuza kuona kama kuna maelezo nyuma, akaisoma tena, halafu akaniuliza taratibu, "Nani ameandika hii?" Akasema yeye usiku haendeshi, kuna majambazi kwenye baadhi ya barabara na kuna malori yasiyo na taa, na kama nang'ang'ania ratiba hii nitafute dereva mwingine. Nilimpigia wakala wetu Dar palepale. Hakupokea. Nikatuma ujumbe WhatsApp, tiki mbili za bluu, kimya.

Tukakaa na mzee tukakata Ranomafana. Iliniuma, maana huo ndio msitu niliouwazia zaidi, wenye yule lemuri (mnyama wa jamii ya kima) wa dhahabu anayekula mianzi, ambaye wanasayansi walimtambua miaka ya 1980 tu, na hifadhi ikaanzishwa mwaka 1991. Nikamwomba dereva apige simu kwenye ile loji tuliyoandikiwa, awaambie hatuji ili angalau turudishiwe kitu. Akapiga. Wakamwambia hawana nafasi iliyowekwa kwa jina hilo. Akawatajia herufi kwa herufi. Hamna. Kampuni yoyote ya Dar? Hamna!

Kwa hiyo kama tungekuwa wateja watiifu, tungefika msituni giza linaingia, na mvua, na bibi wa miaka sabini na kitu, hatuna pa kulala.

Nguo nazo. Maelekezo yao yalisema "hali ya hewa ya kisiwani, beba nguo nyepesi." Wakuu, mwezi wa sita mpaka wa nane kule ni kipupwe, na Antsirabe iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Aliyewahi kulala Makambako mwezi wa saba anajua ninachosema. Bi mkubwa alijifunga khanga zote alizobeba akamalizia na taulo la hoteli. Asubuhi tukaenda sokoni kununua makoti ya mitumba, sita, kwa hela ambayo haikuwa kwenye hesabu. Mji wenyewe mzuri, siwezi kusema uongo. Una chemchemi za maji moto, nyumba za matofali mekundu zenye roshani, ziwa Tritriva ndani ya shimo la volkano, na mabonde yote yamekatwa ngazi za mpunga. Kuna vile vigari vya kuvutwa na mtu, watoto wakavishangilia, bi mkubwa akagoma, akasema hawezi kubebwa na mtoto wa mwenzake anahema mbele yake. Tukatembea kwa miguu.

Chakula: "mahitaji ya chakula halali yamezingatiwa." Yamezingatiwa na nani? Usiku wa kwanza kaletewa bi mkubwa sahani ya ravitoto, ni kisamvu kimetwangwa vizuri kabisa, akafurahi mpaka akatabasamu, keshanyanyua kijiko ndipo mhudumu akatuambia imepikwa na nyama ya nguruwe. Hoteli haikuwa na taarifa yoyote kuhusu sisi. Toka siku ile tulikula samaki, mayai na vitumbua vyao vya mchele vya barabarani, wanaviita mofo gasy, na kushushia yale maji yao ya ukoko wa wali, ambayo mimi niliyapenda kuliko soda. Hilo wala siwadai.

Andasibe ndipo hasira ilipanda upya. Ratiba ilitaka tufike jioni na kuondoka alfajiri. Kinachopeleka watu Andasibe ni indri, lemuri mkubwa kuliko wote walio hai, mweusi kwa mweupe, mkia kama hana. Huyu anaimba asubuhi, jua likishatoka. Ukiondoka alfajiri umelipia miti. Na hayo "matembezi ya usiku ndani ya hifadhi" hayapo, usiku ndani ya hifadhi ya taifa huingii, watu wanatembezwa pembeni ya barabara au kwenye misitu ya wanakijiji. Tulipofika getini tukaambiwa tulipe viingilio vya watu sita pamoja na muongoza wageni, ambaye ni lazima kwa kila kundi. Karatasi yangu inasema "gharama zote za hifadhi zimelipwa." Nikalipa tena, kwa ariary, hela yao ya kule, risiti ninazo.

Tukaingia asubuhi na makoti yetu ya mitumba. Majani yanadondosha maji, njia inateleza, bi mkubwa kashika mkono wa mjukuu mkubwa. Wale wanyama wakaanza, kwanza mmoja mbali, halafu familia nzima juu ya vichwa vyetu, mlio mrefu kama king'ora kinachopanda na kushuka. Mtoto wa mwisho akaziba masikio akicheka. Halafu akaniuliza yule mwenye mkia wa mistari yuko wapi. Maana kwenye jalada la kipeperushi wameweka lemuri mwenye mkia wa mistari amesimama mbele ya mibuyu. Huyo anaishi kusini na kusini-magharibi mwa kisiwa! Na ile mibuyu iko Morondava, pwani ya magharibi! Safari yao haigusi hata kimoja. Ningemjibu nini mtoto?

Toka hapo kushuka Toamasina ni barabara inayobeba makontena ya bandari kwenda mji mkuu. Malori yamepandana kwenye miinuko kama Kitonga siku mbaya, kuovateki ni kujitoa mhanga. Watoto wawili walitapika. Tumefika, hoteli kweli iko karibu na bahari, watoto wamevaa nguo za kuogelea wanakimbia, mlinzi anawazuia. Papa. Maji ya Toamasina yanajulikana kwa papa, mtu akikupenda anakuambia usiingie. Kila mtu pale anajua, muuza nazi anajua, ila kampuni iliyoandika "Toamasina: kuogelea na kupumzika" haijui.

Dereva ndiye aliyetupeleka Foulpointe, kama kilomita 60 kaskazini, ambako kuna mwamba wa matumbawe unaokinga ufukwe na maji yametulia. Vyumba vipya, mafuta ya ziada, vyote mfukoni mwangu. Watoto wakaogelea hatimaye. Kurudi tulilala Moramanga njiani, kwa sababu kutoka pwani asubuhi ukitegemea ndege ya usiku, lori moja tu likilala kwenye kona mmeikosa.

Kwa wanaopanga kwenda, na nendeni, nchi haina kosa: chagueni upande mmoja. Mkitaka mashariki, ni Tana, Andasibe mlale hata usiku mara mbili, halafu Foulpointe, au kisiwa cha Sainte Marie kama mna siku za kutosha, na kuanzia Julai mpaka Septemba mtaona nyangumi. Mkitaka kusini, shukeni na barabara ya RN7 polepole mpaka Toliara na mrudi kwa ndege, lakini hiyo siyo ya wiki moja. Mkitaka bahari tu, pandeni ndege mpaka Nosy Be. Na huo mwezi wa 12 wanaoutangaza ni mwanzo wa mvua na msimu wa vimbunga, kuanzia Januari ndiyo vinapamba moto. Waulizeni kama wameandika hilo popote.

Turudi kwenye hela. Nimewapelekea barua, na nakala za risiti za hifadhi, za vyumba vya Foulpointe, na namba ya ile loji ya Ranomafana wapige wenyewe waulize. Nadai hela ya loji ambayo hawakuwahi kuilipa, viingilio nilivyolipa mara mbili, na tofauti ya vyumba. Nimejibiwa na bwana mdogo wa huduma kwa wateja: "Mteja alibadilisha ratiba kwa hiari yake akiwa safarini, hivyo kwa mujibu wa vigezo na masharti hakuna marejesho." Nikamuuliza kwa simu, mdogo wangu, Ranomafana mliweka nafasi au hamkuweka? Akasema, "Hilo liko kwa meneja." Meneja yuko nje ya ofisi toka wiki mbili zilizopita, ila juzi nimemwona kwenye ukurasa wao anatangaza "Madagaska Krismasi", na ile picha ya mibuyu.

Nimeshaandaa malalamiko ya kupeleka Tume ya Ushindani, FCC, maana Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji dhidi ya matangazo ya kupotosha, na sioni upotoshaji unaozidi huu. Wanasheria wa humu naomba mnijibu mawili. Kwa kuwa huduma yenyewe ilitolewa nje ya nchi lakini nimelipia Dar, FCC wanalipokea au wataniambia niende mahakamani moja kwa moja? Na ile simu ya dereva kwa loji, ushahidi wake nauwekaje? Yeye yuko tayari kuandika barua, ila ataandika kwa Kifaransa.