Tupeane uzoefu: Ulitambuaje kwamba mtoto anaumia moyoni na si kiburi?

Ndugu zangu, Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba karibu theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya umri wa miaka 14, na mengi hayatambuliwi wala kutibiwa. Huku kwetu neno hilo likitajwa tu, watu humfikiria mtu anayeokota makopo barabarani, kwa hiyo wazazi tunaficha. Naanza mimi.

Mwanangu alifiwa na baba yake akiwa darasa la kwanza, hapa Uyole. Hakulia msibani, nasi tukamsifu kwamba ni mwanamume. Baada ya hapo, kila Jumatatu asubuhi tumbo lilimuuma. Nikampa dawa ya minyoo, nikampeleka kupimwa taifodi mara mbili, na nilimchapa pia, jambo ninaloliungama kwa uchungu. Siku moja ya Juni, katika baridi kali, nilikung'uta blanketi lake likaanguka buti la marehemu, moja tu, udongo wa shamba la viazi ukiwa umekaukia kwenye soli. Tulikuwa tumemwambia kwamba baba amekwenda kupumzika, naye aliogopa kwenda shule baba asije akalifuata buti lake akamkosa. Muuguzi aliyetusaidia hakuanza na tumbo. Alinitaka kwanza nimwambie mtoto ukweli.

Mchangiaji wa Mafinga:
Mimi ni mwalimu. Binti wa darasa la sita alisinzia darasani na kutujibu kwa hasira, tukamwita mtukutu. Kwamba huzuni ya mtoto mara nyingi hujitokeza kama hasira au maumivu ya kichwa, nilijifunza nikiwa nimeshamwadhibu. Kumbe nyumbani kulikuwa na mtu aliyemtisha usiku. Tulipiga 116, namba ya bure ya huduma ya simu kwa mtoto, na ustawi wa jamii wakaingilia kati. Siku hizi nazungumza na watoto tukifagia uwanja, kwa sababu mikono ikiwa na kazi ulimi hufunguka.

Mchangiaji wa Tukuyu:
Mjukuu wangu ana miaka 12. Ameanza tena kukojoa kitandani, na shuka huzificha migombani. Jirani mmoja anashauri maombi, mwingine fimbo. Maombi tunafanya, fimbo nimekataa. Kesho tunakwenda hospitali Mbeya mjini. Nimweleze nini, asije akadhani nampeleka kwa kosa?

Uyole tena:
Shikamoo bibi. Mwambie usiku huu huu, msingoje njiani, kwamba mnakwenda kwa mtu atakayemsikiliza. Na hizo shuka mzifue pamoja kabla ya kuondoka.